Mikoko Itarudi Nyuma Hadi Wapi?

Mabibi na mabwana, kati ya mwaka 2006 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kila mwaka. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, inakadiria kuwa ifikapo 2100 zitakuwa zimepanda sentimita 28 hadi 55 iwapo gesijoto zitapunguzwa haraka sana, na 63 hadi 101 iwapo zitaachwa zizidi.

Mikoko nayo hupanda. Mizizi yake hunasa tope, na ardhi iliyo chini yake huinuka mwaka hadi mwaka. Lakini uwezo huo una mwisho. Utafiti uliochapishwa 2020, uliochunguza mashapo (tabaka za tope lililotuama) ya hadi miaka 10,000 iliyopita, ulionyesha kuwa bahari ikipanda zaidi ya milimita 6 hivi kwa mwaka, mikoko haiwezi tena kwenda nayo sambamba. Hapo hubaki kuhamia bara.

Ihamie wapi? Piga hesabu. Pwani ikiwa na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 500, bahari ikipanda nusu mita, maji huingia mita 250 ndani. Ukikuta kwenye mita hizo pana mashamba ya chumvi, ukuta wa hoteli au tuta la barabara, msitu umebanwa huku na huku. Swali hili lilipaswa kuulizwa siku viwanja vinapogawiwa, na ni nadra kuulizwa.

Tope nalo hutoka mbali. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, imejengwa na mto. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, sibishi. Ila bwawa lolote hutuamisha tope nyuma ya ukuta wake, na kinachofika delta hupungua. Tope likizidi pia ni balaa: baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, kule Mwache, Mombasa, mashapo yalifukia mizizi ya kupumulia na miti ikakosa hewa, ikafa imesimama.

Sasa upandaji, maana ndipo nguvu nyingi hupotelea. Kosa kubwa ni kupanda mahali pa chini mno, kwenye tope tupu au juu ya nyasi bahari, kwa sababu hapo hapana mwenyewe. Mikoko haistahimili kufunikwa na maji zaidi ya takriban theluthi moja ya muda wote. Mche uliopandwa chini hulemewa na viumbe wenye magamba wanaonata kwenye shina, au husombwa na bamvua, yale maji makubwa ya bahari. Chukueni mpira mwangavu wenye maji, ule wa mafundi ujenzi wa kupimia usawa, mlinganishe kimo cha eneo lenu na cha msitu mzima ulio jirani. Kimo kisipolingana, msipande.

Kikilingana, okoteni mbegu zilizokomaa za mkoko wenyewe (Rhizophora), zenye pete ya njano karibu na kichwa. Zichomekeni wima hadi theluthi ya urefu, mita moja kati ya mche na mche, yaani 10,000 kwa hekta. Si kila aina ya mikoko hukaa kila mahali: aina iitwayo mlilana hupenda upande wa bahari, na ile iitwayo mchu huvumilia chumvi kali ya upande wa bara.

Siku ya kupanda huwa na kofia na mabango. Siku ya kuhesabu iliyopona haina mgeni rasmi. Mradi wa Mikoko Pamoja wa Ghuba ya Gazi, Kenya, ulioanza 2013 na ambao huuza hewa ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu, una hekta 117, na sehemu kubwa ni msitu wa asili uliolindwa, si miche.

Kwenye shamba la chumvi lililoachwa, anzeni kwa kukata tuta pale ulipopita mkondo wa zamani. Maji yakiingia na kutoka vizuri, huleta mbegu za mchu yenyewe. Ikipita misimu miwili ya mbegu bila mche kuota, ndipo mje na vikapu.