Kabla hujachonga, sikiliza

Vijana wa ngumi, leo ni habari ya kujitamba mbele ya waandishi. Najua kocha mmoja pale nyuma ameshaanza kunung'unika: "Huyu mzee kaja tena na Muhammad Ali wake." Ndiyo, nimekuja naye. Ila simleti wa pambano la Kinshasa 1974, huyo mnamjua. Namleta wa 1961, bado anaitwa Cassius Clay, dogo wa miaka 19, dhahabu ya Olimpiki ya Roma anayo, lakini nje ya wapenda ngumi wengi hawana habari naye.

Mpiga picha Flip Schulke katumwa Miami na jarida la michezo la Sports Illustrated. Dogo hatunishi misuli. Anamhoji mgeni! Kwingine unampigia nani picha? Jarida la Life. Enhe, na picha gani unazipenda? Za chini ya maji. Basi, dogo akadakia hapohapo: mimi hufanya mazoezi majini, maji hadi shingoni, narusha ngumi, ndiyo siri ya kasi yangu. Uongo mtupu! Hata kuogelea hajui. Lakini baadaye huyo hapo kwenye bwawa la hoteli, kasimama sakafuni chini ya maji, ngumi juu, mapovu yanampanda usoni. Life wakazichapa.

Mnacheka. Sasa nihesabieni: aliuliza maswali mangapi kabla ya kutoa tambo lake?

Juzi nilikuwa kwenye kupima uzito. Mabondia sita, mmoja baada ya mwingine: "Nitampiga KO." "Na mimi nitampiga KO." Wa nne alipofika, mwandishi aliyekaa pembeni yangu alikuwa ameshazima simu yake anakula karanga.

Na usiniambie "mimi naongea kwa ngumi". Bondia wetu Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham, Uingereza, 2018, akammaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili, jina likavuma. Vizuri sana. Wewe Eggington wako yuko wapi? Nani atakupa hilo pambano kama hakujui?

Mwingine atasema Ali alizaliwa na mdomo. Mdomo alizaliwa nao, ujanja aliutafuta. Mwaka huohuo, Las Vegas, alimwona mwanamieleka Gorgeous George akizomewa na ukumbi uliofurika, akang'amua kwamba anayezomea naye kakata tiketi.

Na bondia Karim Mandonga je? Mnamcheka, na kweli kapigwa, Songea 2022 alilala. Lakini alipokwenda Nairobi Januari 2023, ngumi yake aliyoipa jina Sugunyo ilitangulia kufika. Ngumi ikishapewa jina, hata bodaboda asiyejua ulingo una kamba ngapi anaweza kuisimulia kijiweni.

Nilitaka pia kugusa mikataba, lakini naona naonyeshwa saa. Haya, imekwisha, nimeiona.

Wewe wa bukta nyekundu, hebu pita mbele. Mimi ni mwandishi, kamera hii hapa. Ah-ah, shusha ngumi. Niulize swali.