Mnaojenga Unguja na Pemba, rampu ipimwe kabla ya zege

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko kituo cha basi hapa London, hebu angalieni nyuma yangu. Mmeona? Dereva kabonyeza kitufe, mlango wa kati umetoa ubao, yule bi mkubwa kaingia na kiti chake cha magurudumu bila ya kubebwa na mtu. Mabasi ya mji huu ndivyo yalivyo.

Treni za chini ya ardhi sasa, hizo zilianza 1863, na vituo vingi mpaka leo ni ngazi tupu. Kutia lifti kwenye jengo la zamani ni pesa nyingi mno. Ndiyo maana roho inaniuma nikifikiria nyumbani, kwa sababu sisi tunajenga sasa hivi: skuli za ghorofa, masoko, vituo vya afya.

Nilipokuja likizo niliingia jengo moja la umma, jipya kabisa. Rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, ipo, lakini unaipanda kama unapanda mnazi! Kijana mwenye kiti ilibidi asukumwe na watu wawili, na kule juu akakutana na kizingiti.

Mafundi wangu, hesabu ni nyepesi. Kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. Sakafu ikiwa juu sentimita 60, rampu ni mita 7.2. Kiwanja hakitoshi? Ikunje, na kwenye kona uache sehemu bapa ya mita 1.5 mwenye kiti apate kupumzika na kugeuka. Vyuma vya kushikia viwe pande zote mbili.

Choo ndicho kinachosahauliwa zaidi. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, ufunguke kwa nje, maana mtu akianguka ndani, mlango wa kusukuma utamzuia yeye na anayekuja kumsaidia. Ndani pawe na nafasi ya mita 1.5 kiti kizunguke. Mfereji uwe anapoufikia kwa mkono, na ndoo isikae njiani.

Mji Mkongwe ni habari nyengine. Ni urithi wa dunia tangu 2000, huwezi kubomoa kizingiti cha mlango wa nakshi. Hapo tengenezeni ubao imara wa kuweka na kuondoa.

Na hii si sadaka. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 9 kinataja majengo na usafiri. Kwa hiyo masheha, walimu wakuu, kamati za misikiti, ramani ikija mezani muiteni mtu anayetumia kiti aiangalie kabla msingi haujachimbwa. Nawe uliyeko Wete au Mkoani, chukua futi, kapime mlango wa choo cha skuli ya mwanao, uniandikie hapo chini ni sentimita ngapi.