Gari la zamani la 4x4 linafakamia mafuta: pima kabla hujanunua kipuri

Karibuni. Leo mbele yetu kuna 4x4 ya zamani, petroli, silinda sita, mafuta yanaingia kwa injekta. Lalamiko ni lile lile: linakunywa mafuta. Tusidanganyane, magari haya hayakuwahi kuwa na tumbo dogo. Bodi nzito, umbo la sanduku, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) mbele na nyuma. Lakini kuna kula na kuna kufakamia, na hapa tunatafuta hayo mawili yanaachana wapi. Kipuri kinachokimbiliwa kwanza ni sensa ya oksijeni, na mara nyingi hiyo ndiyo haina kosa. Mtaona kwa nini.

Andaa multimita, geji ya upepo, jeki na stendi mbili, spana ya plagi, na geji ya presha ya mafuta ukiweza kuazima. Bidhaa za kusafisha injekta ziache dukani kwanza.

Tunaanza na namba, kwa sababu wengi hawaijui. Usiamini mshale wa dashibodi. Boya la tanki la miaka mingi hudanganya. Jaza mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiongezee. Weka kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha kilomita 300 au zaidi kama ulivyozoea, rudi kwenye pampu ile ile, jaza kwa namna ile ile, kisha gawanya kilomita kwa lita.

Kabla hujashtuka, tazama tairi. Tuseme gari lilitoka kiwandani na tairi zenye kipenyo cha inchi 29, sasa limevaa za inchi 33. Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa umbali ule ule, kwa hiyo dashibodi inahesabu pungufu. Gawanya 33 kwa 29, unapata 1.138. Dashibodi ikisema kilomita 330, kwa kweli umetembea karibu 375. Ukiwa umetumia lita 60, si kilomita 5.5 kwa lita, ni 6.3 hivi. Lita kadhaa za "hasara" zimetoweka na hujashika spana. Hakikisha kwa GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka. Tairi hizo bado zina gharama yake, ni nzito na zina meno makubwa, lakini hiyo ni gharama uliyoichagua mwenyewe.

Namba ikibaki mbaya, bado hatufungui boneti. Tunatafuta kinacholishika gari.

Pima upepo tairi zikiwa za baridi. Ukizipunguza kwa ajili ya mchanga na ukasahau kuzirudisha, jibu umelipata. Hakikisha pia liva ya 4x4 imerudi 2H, yaani magurudumu mawili tu yanavuta, na kama habu za mbele ni za kufunga kwa mkono, ziko kwenye alama ya kuachia. Gari lisilo na difu ya kati, 4x4 ikiachwa imeshika wakati uko kwenye lami, mbele na nyuma vinavutana muda wote. Inakula mafuta, tairi na giaboksi kwa pamoja.

Sasa breki. Endesha kilomita kumi, na mwishoni liache gari lipunguze mwendo lenyewe, uguse breki kidogo sana. Simama, pitisha kiganja karibu na kila rimu. Usiguse diski. Gurudumu linalotoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili ndilo la kuanza nalo. Zuia magurudumu mengine, piga jeki, weka stendi, weka gia huru, zungusha kwa mkono. Linapaswa kwenda. Kama limeshika, legeza nati ya kutolea hewa kwenye kalipa (chuma kinachobana pedi za breki): mafuta ya breki yakiruka na gurudumu likaachia, presha ilikuwa imenaswa ndani, na mara nyingi ni mpira wa breki uliovimba kwa ndani na kugeuka vali. Lisipoachia, pini za kalipa zimekauka au pistoni ina kutu. Nyuma, angalia kebo ya handbreki.

Sasa fungua boneti. Injini iwe ya baridi kabisa, imelala usiku kucha. Shika mpira wa juu wa rejeta, huu hapa, kisha mtu awashe gari. Kwa dakika kadhaa mpira huu unatakiwa ubaki baridi, halafu upate moto kwa ghafla pale themostati inapofunguka, kwenye nyuzi 82 hadi 88 kwa injini nyingi. Huu wetu, sikieni: dakika ya pili tu unapata uvuguvugu, na unapanda taratibu pamoja na injini. Themostati imekwama wazi, au aliyetangulia aliitoa akidhani anasaidia injini isichemke. Matokeo yake, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaona injini ambayo haijapata moto, na injini baridi hupewa mafuta mengi. Kwenye mwendo wa barabara kuu inaweza kubaki hivyo safari nzima. Hili ni kosa la bei ndogo kuliko yote na linapuuzwa kuliko yote.

Jirani yake ni sensa ya joto la maji. Usiichanganye na ile ya mshale wa dashibodi. Ya kontroli boksi kwa kawaida ina waya mbili. Chomoa soketi, pima ukinzani. Kwa injini nyingi za Toyota za enzi hizo, kwenye nyuzi 20 utapata kiloomu 2 hadi 3, na kwenye nyuzi 80 omu 200 hadi 400. Magari mengine yana namba zao, tazama kitabu cha gari lako. Sheria haibadiliki: joto likipanda, omu zishuke. Ikibaki juu injini ikiwa ya moto, kontroli boksi inaambiwa kuna baridi. Angalia na soketi yenyewe, kutu ya kijani kwenye pini inaongeza ukinzani vile vile.

Haya, sensa ya oksijeni. Kazi yake ni kusema kama moshi una oksijeni au hauna, basi. Haijui mafuta. Injini ikiwa ya moto, shikilia mizunguko 2500 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili, ili sensa ipate joto, kisha soma volti kwenye waya wa ishara bila kuuchomoa. Sensa iliyo nzima hucheza kati ya 0.1 na 0.9, ikivuka 0.45 kwenda na kurudi, mara nane au zaidi kwa sekunde kumi. Ikicheza kwa uvivu, imezeeka, badilisha.

Ikikaa chini, karibu 0.1, inasema kuna oksijeni nyingi, na kontroli boksi inajibu kwa kuongeza mafuta. Hapo ndipo watu hununua sensa mpya, na mpya inasema vile vile. Kwa sababu oksijeni ipo kweli! Njooni karibu hapa kwenye maungio ya manifoldi ya moshi na kichwa cha injini. Mnaona mstari huu mweusi wa masizi, mwembamba kama wa penseli? Gesketi inavuja. Kati ya pigo moja la moshi na jingine, tundu hili linavuta hewa ya nje, na sensa iliyo mbele yake inaisoma. Dalili yake ni mlio wa tik-tik-tik asubuhi, unaopotea chuma kikipata moto na kutanuka. Plagi isiyowaka nayo hufanya mchezo huo huo: silinda inatoa oksijeni yake bila kuichoma, na boksi inaongeza mafuta kwa silinda zote. Kwa hiyo toa plagi zote uzipange kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi kavu ni mafuta mengi. Nyeusi yenye unyevu wa oili ni habari ya ringi au sili za vali. Moja ikitofautiana na wenzake, fuata waya wake. Waya wa plagi usizidi kiloomu 25, na ndani ya kepu ya distribyuta tafuta nyufa na vituo vilivyolika.

Ikikaa juu, 0.8 au 0.9 bila kushuka, mafuta ni mengi kweli. Kama themostati na sensa ya joto la maji tayari zimepita mtihani, nenda kwenye regyuleta ya presha ya mafuta. Hapa pasiwe na moto wala sigara. Chomoa huu mpira mdogo unaotoka kwenye manifoldi ya hewa inayoingia, unuse, uelekeze chini. Ndani panatakiwa pawe pakavu. Tone la petroli likitoka, ngozi ya regyuleta imepasuka na injini inanyonya mafuta mabichi kupitia mpira. Ukiwa na geji, injini nyingi za aina hii zinataka bar 2.7 hadi 3.1 mpira huo ukiwa umechomolewa. Ukiurudisha, presha ishuke. Zima injini: presha ikianguka mara moja hadi sifuri, shuku injekta inayodondosha, regyuleta au vali ya pampu.

Chujio la hewa? Badilisha likiwa chafu, lakini kwenye injini ya injekta litakupunguzia nguvu zaidi ya kukuongezea mafuta, kwa sababu boksi inapima hewa inayoingia. Kwenye kabureta ni kesi nyingine: chujio lililoziba huongeza utajiri wa mchanganyiko moja kwa moja. Huko angalia pia choki inayobaki imefunga nusu, na boya lililotoboka likazama.

Gari la automatiki lina jaribio moja la barabarani. Injini ikiwa ya moto, shika mwendo wa 80 kwenye tambarare, gia ya juu, mguu wa mafuta usitikisike. Kwa mguu wa kushoto gusa breki kwa wepesi, kiasi cha kuwasha taa tu. Mizunguko ipande kama 200 au 300, kisha irudi ukiachia. Isipobadilika, kufuli ya tokkonveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) haishiki, na kila kilomita ya barabara kuu unachemsha oili ya giaboksi kwa petroli.

Ukisharekebisha, chomoa waya hasi wa betri kwa dakika kumi na tano. Boksi ilikuwa imejifunza kuishi na kosa, iache ijifunze upya. Kama redio ina namba ya siri, iandike kwanza. Halafu rudi kwenye pampu ile ile, bomba lijikate lenyewe, kihesabu sifuri, kilomita 300.