"Dada, huko si mna AC kwenye basi?" Nawajibu nikiwa Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu. Leo sipo London ninakoendesha basi, nipo nyumbani Dodoma kwa likizo, na hapa nilipokaa ni kiti cha mbele cha Hiace, daladala anayoendesha mdogo wangu. Tumeegesha chini ya mwarobaini, upande wa Sabasaba. Saa saba mchana, mwezi wa kumi na moja, mvua bado, hali mnaijua wenyewe. Dirisha nimeliacha wazi maana nikilifunga sitamaliza hii video, kwa hiyo bodaboda mtazisikia, mnivumilie.

Narekodi kwa sababu swali ni lile lile tangu Julai. Nikiweka video nikisema leo kazini joto limenitesa, mtu anaandika: "Dada, huko si mna AC kwenye basi? Unalalamika nini?" Nikiweka nyingine nikionyesha swichi ya AC pale kwenye dashibodi, mwingine naye: "Haya, ameanza kuturingishia." Hata shangazi yangu wa damu kaniambia juzi, tena mbele ya watu, kwamba ughaibuni umenifanya laini. Iliniuma. Kwa hiyo leo nasema yote kwa pamoja, na ninasema ya kwangu tu. Dereva mwingine, kampuni nyingine, ruti nyingine, anaweza kuwa na habari tofauti kabisa, msimwambie yeye ni mwongo kwa sababu ya maneno yangu.

AC ipo. Naanza na hilo ili tusigombane. Naendesha basi la ghorofa tangu 2021, na kwenye kile kibanda cha dereva, nyuma ya kioo, kuna kiyoyozi changu mwenyewe. Abiria juu ghorofani wana hewa inayopozwa kwa mashine, lakini msifikirie ile baridi ya basi la mkoani ambapo unajifunika shuka kuanzia Morogoro. Basi la mjini linafungua milango kila baada ya dakika moja, mbili. Baridi yote inatoka kituoni, joto linapanda na abiria. Halafu abiria naye akiona jua anafungua dirisha, na mashine inabaki kupoza barabara.

Na wenye nchi yao nao walikosea. Mwaka 2012 London waliingiza basi jipya la ghorofa, New Routemaster, zuri kwa macho, lakini madirisha yake yalikuwa hayafunguki. Wakategemea mashine. Majira ya joto yakija, watu wanaokwa humo ndani. Malalamiko yakawa mengi, na 2015 ikaamuliwa yawekwe madirisha ya kufungua. Yaani walirudi kwenye kitu ambacho konda wa hapa Dodoma angewaambia bure siku ya kwanza.

Sasa niwaeleze siku iliyonifanya nianze kusema. Tarehe 19 Julai 2022. Siku hiyo Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu waanze kupima, ikafika 40.3 huko Coningsby, Lincolnshire. Mimi nimezaliwa Chang'ombe hapa, nimekulia kwenye jua, lakini nyuzi arobaini sikuwahi kuzionja Dodoma. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na jua likizama upepo unashuka, unatoa mkeka nje unapumua. Kule nyumba zimejengwa kuzuia baridi, usiku joto linabaki ndani na wewe. Unaamka umechoka kabla hujashika usukani.

Siku hiyo kiyoyozi cha kibanda changu kilikuwa kinapuliza hewa ya moto. Gesi imekwisha. Na nilikuwa nimeshaiandika siku mbili kabla! Kila dereva akichukua basi analizunguka, anakagua taa, matairi, milango, na hitilafu anaiandika kwenye karatasi, anasaini. Niliandika, nikasaini. Wakanirudishia basi lile lile. Kioo cha mbele cha basi la ghorofa ni kama mlango wa duka kwa ukubwa, na jua lote linaingia miguuni kwako. Nikaenda safari moja. Ya pili nilipofika mwisho wa ruti, mikono ilikuwa inatetemeka. Nikapiga redio, nikasema basi hili siliendeshi tena, sioni vizuri. Kimya kidogo. Halafu nikaambiwa nisubiri. Nilikaa kivulini dakika arobaini, wakaniletea basi jingine.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Zile dakika arobaini nililipwa. Nalipwa kwa saa, basi likifa saa haifi. Sikufurahi, nilikasirika sana maana karatasi ya kwanza hawakuifanyia kazi, lakini nilikuwa na nafasi ya kusema hapana na jioni nikarudi nyumbani na mshahara wangu wa siku.

Na msidhani sheria ya kule ndiyo iliyoniokoa. Uingereza hakuna sheria inayotaja joto la juu ambalo mtu haruhusiwi kufanyia kazi. La chini linatajwa kwenye mwongozo, nyuzi 16 kwa kazi za ndani, au 13 kama ni kazi ya nguvu. La juu hakuna namba. Kilichoniokoa ni saini yangu kwenye karatasi, kulipwa kwa saa, na chama cha wafanyakazi kilichoko gerejini ambacho ningekikimbilia.

Sasa njoo kwenye hiki kiti. Wanaopanda Hiace wanajua, injini iko hapa chini, chini ya viti vya mbele. Hapa nilipo gari limezimwa nusu saa nzima na bado nasikia moto mapajani. Mdogo wangu anakalia huu moto kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu usiku. Mimi nilidhani gari halina AC. Nikafungua, nikakuta mabomba yapo, kompresa ipo, mkanda wake ndio haupo. Nikamuuliza. Akaniambia, "Dada, nilimwambia fundi autoe mwenyewe."

Mwenyewe! Nikataka kumgombeza. Akanipigia hesabu. Gari ni la tajiri. Kila jioni hesabu, yaani fedha ya tajiri ya siku, lazima ikamilike, abiria wawepo wasiwepo. Mafuta anaweka yeye. Konda anamlipa yeye. Ukishaondoa hayo, kinachobaki ndicho chake na mke wake. Kompresa ya AC inazungushwa na injini, injini inakula mafuta zaidi, na kwenye foleni na kusimama kila kituo anakadiria ni kama lita mbili kwa siku. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wakitangaza bei ya mafuta, mdogo wangu anasikiliza kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Lita mbili kwa siku, siku ishirini na sita kwa mwezi, hiyo ni kodi ya chumba chake. Na abiria hataongeza hata shilingi kwa ajili ya baridi, nauli imepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Wenye mabasi ya mikoani wana nafuu hapo, maana daraja la kati, lile lenye AC, lina nauli yake. Zile za Desemba 2023 zilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Mwenye basi akiwasha AC kwenda Singida au Dar, kuna fedha iliyotengwa kwa hiyo AC. Daladala ya mjini akiwasha, anajitoza mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniambia "kule kumeendelea ndiyo maana wana AC, kwetu hakuna," namwambia AC hii hapa, imetoka nayo Japani. Tatizo ni nani analipia mafuta yake. Mimi nikiwasha kiyoyozi London sitoi senti. Mdogo wangu akiwasha anapunguza chakula nyumbani. Wangenibana mimi na hesabu na mafuta juu yangu, nami ningeutoa mkanda.

Jambo lililonishangaza zaidi nililisoma nikiwa hapa hapa. Sheria yetu ya ajira ya 2004 inasema mfanyakazi asizidishe saa 9 za kawaida kwa siku, saa 45 kwa wiki, na akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Sitini! Mimi London kanuni ya madereva wa safari za ndani ya nchi inanipa angalau dakika 30 baada ya kuendesha saa tano na nusu, na naweza kuendesha hadi saa 10 kwa siku. Kwenye karatasi Mtanzania amepewa zaidi yangu. Ila mdogo wangu hana karatasi. Hana mkataba, na tajiri wake anasema yeye si mwajiri, anakodisha gari tu. Mnakumbuka mgomo wa madereva wa Aprili 2015, stendi zilivyojaa watu na mizigo? Mikataba ilikuwa mojawapo ya vilio vyao. Mdogo wangu alikuwa konda wakati huo. Leo ni dereva, na mkataba bado hajauona.

Suala la maji na choo nalipitia haraka, ingawa wanawake wenzangu mnajua lina uzito wake. Kuna ruti London ambazo mwisho wa safari kupata choo ni shida, na nimefanya ujinga wa kutokunywa maji ili nisihangaike, nikaishia kwa daktari. Mdogo wangu naye anafanya hivyo hivyo, kwa sababu choo cha kulipia ni fedha na kushuka ni kupoteza zamu kwenye foleni ya gari. Kwenye joto hili msifanye hivyo. Kunyweni.

Haya, wale wa "anaringa." Nilipofika kule, leseni yangu ya Tanzania ilinifaa miezi kumi na mbili tu, haibadilishwi, nchi yetu haimo kwenye orodha yao. Nikaanza upya kama mtoto, kwanza gari dogo, halafu basi. Mtihani wa nadharia wa dereva wa basi una maswali 100, unatakiwa upate 85. Mara ya kwanza nilipata 82. Nililia kwenye kituo cha basi, nikijua ada imekwenda na nyingine inatakiwa. Kampuni iliyonifundisha ilinisainisha kwamba nikiondoka mapema nawarudishia gharama. Kuna viza pia, niliingia kwa ya mwenza. Ukiomba kuongezewa muda, mbali na ada yenyewe, unalipa tozo ya afya, na tangu Februari 2024 ni paundi 1,035 kwa kila mwaka unaoombewa, zote kwa mkupuo kabla hujajibiwa, na huku kodi na bima ya taifa wanakata kwenye mshahara kila mwezi. Halafu kadi zetu za ukaazi zimekoma mwisho wa 2024, sasa kila kitu kiko mtandaoni. Safari iliyopita, wakati wa kurudi, kijana wa kaunta pale uwanja wa ndege alinishikilia saa nzima akitaka kadi ambayo haipo tena. Nilikaribia kuikosa ndege, na ningeikosa hakuna ambaye angenirudishia nauli.

Kwa hiyo mnaoniandikia "nitafutie kazi ya udereva," sijawakatalia kwa roho mbaya. Kazi ya dereva wa basi haimo kwenye zile ambazo mwajiri wa Uingereza anaweza kukuitia kwa viza ya kazi. Akikujia mtu hapa Dodoma anakwambia ana nafasi hiyo, lipa milioni kadhaa, fedha yako itakwenda na yeye. Mimi siwezi kumleta hata huyu ndugu yangu wa tumbo moja.

Nilichoweza kumfanyia ni kidogo. Jana tulikwenda Majengo, tukanunua feni ndogo ya dashibodi, na fundi ametuwekea zulia nene la kuzuia joto juu ya mfuniko wa injini. Nimekaa hapa nalipima kwa mapaja yangu, limepunguza, halijamaliza. Sisemi kila dereva afanye hivyo, gari la mtu na mfuko wa mtu havifanani.

Mkanda wa kompresa naweza kuununua leo, bei yake si kitu. Lakini nikirudi London yeye atautoa tena, na atakuwa na haki. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, kabla tajiri hajatoka kwake, tunakwenda wote wawili. Tumeandika ukurasa mmoja kwa mkono: miezi mitatu ya joto kali, Oktoba hadi Desemba, hesabu ipungue kiasi cha hizo lita mbili, na siku gari likiwa gereji hesabu isidaiwe. Chini kuna nafasi mbili za saini. Mdogo wangu ana wasiwasi kwamba gari litapewa deiwaka, dereva wa kutwa, na mimi siwezi kumwambia wasiwasi wake ni wa bure.

Huyo anakuja, ameshika funguo. Abiria wameshaanza kusogea, wacha nimpishe kiti.