Waliogoma Kabla ya Chávez

Ndugu zangu, asanteni kwa kukaa hadi mwisho. Filamu hii ya mwaka 2014 kuhusu César Chávez, kiongozi wa vibarua wa mashambani huko Marekani, aliyoiongoza Diego Luna, imenigusa. Michael Peña anamwigiza Chávez kwa utulivu mkubwa. Pale anapofunga kula siku 25, mwaka 1968, ili wenzake wasilipe kipigo kwa kipigo, nilisikia ukumbi mzima umenyamaza.

Lakini naomba turudi nyuma kidogo, tarehe 8 Septemba 1965, mjini Delano, California. Asubuhi hiyo waliokataa kuchuma zabibu walikuwa vibarua wa Kifilipino. Usiku uliotangulia walikuwa wamepiga kura katika Ukumbi wa Wafilipino: wanataka dola 1.40 kwa saa, na senti 25 kwa kila sanduku. Kiongozi wao, Larry Itliong, aliingia Marekani mwaka 1929 akiwa na miaka 15, na kazi ilishamla vidole vitatu.

Wengi wao walikuwa wazee wasio na mke wala mtoto. Hadi mwaka 1948 sheria ya California iliwazuia kuoa wazungu, na wanawake wa kwao huko walikuwa wa kuhesabu. Walilala kambini kwa mwenye shamba. Kwa hiyo walipogoma, wengine walikatiwa maji na umeme, wengine wakatupiwa virago nje.

Itliong aliijua hila ya matajiri: Wafilipino wakigoma, wanaletwa Wameksiko, Wameksiko wakigoma, wanaletwa Wafilipino. Akamwendea Chávez, aliyeongoza vibarua wa Kimeksiko. Chávez alisita, maana chama chake kilikuwa kichanga na mfuko mtupu. Tarehe 16 wanachama wake wakajaa kanisani, wakakubali kuungana nao katika mgomo. Tangu hapo wagomaji wa pande zote mbili wakala chungu kimoja, katika ukumbi uleule wa Wafilipino.

Haya yote filamu inayapita mbio. Itliong anatokea kama msindikizaji tu, na hilo limeniuma. Wenye mashamba walitia saini mikataba Julai 1970, baada ya miaka mitano. Mwaka uliofuata Itliong akaondoka katika chama chao cha pamoja, akiona wazee wake hawasikilizwi.

Mwaka 1974 palifunguliwa Kijiji cha Agbayani, nje ya Delano, makazi ya wazee hao waliozeekea mashambani bila nyumba. Wapo waliopata chumba chao wenyewe uzeeni, na mlango wa kufunga. Mimi ningeimalizia filamu pale, mlangoni.