CoS haiuzwi Darajani: viza ya kazi ya Uingereza kwa watu wa Unguja na Pemba

Assalaam aleykum, hamjambo Unguja, hamjambo Pemba. Leo nina daftari mezani, kwa sababu swali mnalotuma ni lile lile: kuna mtu anauza CoS, nimpe hela? Usimpe. Ukishaelewa jinsi hii kitu inavyopatikana, hata akija na suti na begi la ngozi utamwona anavyobabaika.

CoS (Certificate of Sponsorship) ni cheti cha udhamini cha mwajiri kwa ajili ya viza ya kazi, na hilo neno cheti ndilo linalotuponza. Sisi cheti tunakijua ni karatasi yenye muhuri. Hii ni rekodi ndani ya mfumo wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, na cha muhimu kinachokufikia wewe ni namba. Kwa mtu aliye nje ya Uingereza, mwajiri mwenye leseni anaiomba moja moja. Anaeleza kazi ni ipi na mshahara ni kiasi gani, wizara ikikubali ndipo anaijaza jina la mtu na namba ya pasipoti yake. Sasa anayekwambia "nilikuwa nazo kumi, zimebaki mbili" anadhani anauza maandazi.

Isitoshe, sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inamkataza wakala wa ajira kumtoza mtu hela kwa kumtafutia kazi. Wakala halali analipwa na mwajiri.

Na gharama za mwajiri ni zake. Leseni ni yake. Ada ya CoS, pauni 525 tangu Aprili 2025, ni yake, na kwa CoS zinazotolewa tangu 31 Desemba 2024 haruhusiwi kukutupia wewe. Kuna na tozo ya ujuzi, ambayo tangu Desemba 2025 ni pauni 480 kwa mwaka kwa kampuni ndogo na 1,320 kwa kubwa. Hiyo nayo hakudai, wala hakukati kwenye mshahara kidogo kidogo. Mkataba ukisema ukiacha kazi utarudisha tozo hiyo, hapo pana tatizo.

Yako wewe ni ada ya viza, kipimo cha kifua kikuu, mtihani wa Kiingereza, na ile ada ya afya inayowashtua wengi: pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Viza ya miaka 3 ni pauni 3,105, zinalipwa zote siku ya kutuma ombi. Ombi likikataliwa hiyo hurudishwa, ya viza hairudi. Muuguzi au daktari anayekuja kwa viza ya Health and Care, yaani ya wafanyakazi wa afya, ada ya afya hailipi kabisa.

Haya, barua ya kazi imekuja kwenye WhatsApp. Kabla hujamwambia hata mama, fungua tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, utafute orodha ya wadhamini wenye leseni. Ni bure. Angalia mambo matatu: jina la kampuni, mji, na aina ya leseni. Hili la tatu watu wanaliruka. Kampuni inaweza kuwa na leseni ya kuhamisha wafanyakazi wake yenyewe kutoka matawi ya nje tu, basi haiwezi kukudhamini kwa Skilled Worker, yaani viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, hata ikitaka. Jina likiwemo, usifurahi bado, kwa sababu matapeli huchukua majina kutoka orodha hiyo hiyo. Itafute kampuni mwenyewe, upige simu ya kwenye tovuti yake, si ile ya kwenye barua, uulize kama nafasi hiyo ipo. Barua pepe inayoishia na gmail, kampuni eti ina wafanyakazi mia tano? Ehee.

Kisha piga hesabu ya mshahara. Tangu 22 Julai 2025 kiwango cha kawaida cha Skilled Worker ni pauni 41,700 kwa mwaka au kiwango cha kazi husika, kile kilicho kikubwa. Gawa kwa 12, unapata 3,475 kwa mwezi. Barua ya kazi ya ghala inayosema pauni 1,900 kwa mwezi ni 22,800 kwa mwaka. Haifiki, na kazi yenyewe ya ghala haimo kwenye kazi zinazokubalika kwa viza hii. Wapo wanaoruhusiwa chini ya hapo, kama wauguzi wanaolipwa kwa viwango vya taifa, na vijana wanaoanza kazi, lakini kila punguzo lina masharti yake.

Wapishi wa hoteli za Nungwi na Paje, hili lenu. Upishi, namba 5434 kwenye orodha ya kazi ya Uingereza, ulikuwa unakubalika. Siku hiyo hiyo ya 22 Julai 2025 ngazi ya kazi ilipandishwa hadi ya digrii, na upishi ukatoka. Kuhudumia wazee nako, kwa waombaji wa kutoka nje, mlango ulifungwa siku ile. Kwa hiyo anayewakusanya wasichana huko Wete mwaka huu na kuwaahidi kazi ya kulea wazee kwa viza hii anauza kitu kilichokwisha. Kuchuma matunda kupo, lakini ni viza nyengine, ya msimu, miezi 6 tu, na inapitia waendeshaji wa mpango huo walioidhinishwa.

Sasa majina. Hapa ndipo sisi tunapoumia. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohammed, Zan ID Mohamed, cheti cha skuli Muhammed. Baba kwenye karatasi moja ni Ali, kwenye nyengine Ally. Nyumbani hakuna anayejali, mtu ni yule yule. Afisa wa viza anaona watu watatu. Pasipoti ndiyo msingi: mtumie mwajiri picha ya ukurasa wa pasipoti, usimtajie jina kwa mdomo. Akikosea herufi kwenye CoS, anaweza kuongeza maelezo ya kusahihisha kwenye mfumo, ila afanye kabla hujatuma ombi. Vyeti vinavyopishana vitengeneze mapema, ama kwa kusahihisha usajili ama kwa kiapo. Na cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili lazima kiende na tafsiri yenye jina, saini, tarehe na mawasiliano ya mfasiri. Usifasiri mwenyewe, hata kama Kiingereza chako kinamwagika.

Ukishapewa namba, saa inaanza kuhesabu: CoS inatumika ndani ya miezi 3. Unaiona mingi, lakini iangalie kwa mtu wa Chake. Kipimo cha kifua kikuu kinafanyika Dar es Salaam, kwenye kliniki ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Cheti cha hospitali nyengine hakipokelewi, hata iwe nzuri vipi. Picha ya kifua ikitoka safi, unapewa cheti cha miezi 6. Ikitiliwa shaka, unatoa makohozi yaoteshwe maabara, na hiyo inaweza kula wiki 8. Miezi mitatu imebaki mfupa. Ndiyo maana mwajiri akishasema yuko tayari, kipimo na Kiingereza vifanye kwanza, CoS ije baadaye.

Kiingereza ni ngazi ya B2, yaani ya juu ya kati, kwa anayeomba mara ya kwanza tangu 8 Januari 2026. Mtihani ni ule uliokubaliwa kwa viza, IELTS for UKVI kwa mfano. IELTS ya kawaida ina maswali yale yale, lakini hawaipokei. Mwenye digrii aliyosomeshwa kwa Kiingereza anaweza kupitia Ecctis, shirika la Uingereza linalothibitisha vyeti vya nje, athibitishiwe, akaepuka mtihani. Wauguzi nyinyi mna kazi ya ziada, usajili wa NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, na huo ndio wa kuanza nao. Mkija kwa kazi za afya au skuli mnatakiwa pia cheti cha polisi cha kila nchi mliyokaa miezi 12 au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita. Aliyewahi kufanya kazi Muscat aanze kukitafuta cha huko leo, si wiki ya mwisho.

Hela za kuonesha ni pauni 1,270, zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Mfululizo maana yake ikishuka chini siku moja, hata kwa harusi ya dada, unaanza upya. Lakini mwajiri mwenye leseni ya daraja A anaweza kutia alama kwenye CoS kwamba atakuhudumia mwezi wa kwanza, na hapo huhitaji kuonesha kitu. Muulize. Hilo la kuazima hela kwa mjomba, kupiga chapa taarifa ya benki halafu kuibadili namba, achana nalo kabisa. Karatasi ya kughushi ni marufuku ya miaka 10.

Viza ikitoka usishangae pasipoti haina stika. Tangu 15 Julai 2025 wengi wa viza za kazi wanapata viza ya mtandaoni, na mwajiri unampa msimbo wa kuangalia kama unaruhusiwa kufanya kazi. Imefungwa kwa mwajiri huyo. Kuhama kazi ni CoS mpya na ombi jipya kabla hujaanza, na kazi ikikatika kwa kawaida unapewa siku 60 za kupata mdhamini mwengine au kuondoka.

Na kwa kuwa viza yenyewe iko mtandaoni, akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako na namba yako ya simu. Dalali akikwambia "nipe nitakujazia", anaweka zake. Siku unataka kuingia, msimbo wa siri unakwenda kwake, na bei ya kukusomea anaipanga yeye.