88rising: lebo iliyowapandisha Waasia jukwaani wakiwa pamoja

Asanteni jamani, wa nyuma sogeeni, nafasi zipo. Leo tunaongelea 88rising, lebo ya muziki ya Marekani, na naipenda kweli, nikianza sinyamazi kwahiyo mnivumilie.

Iko hivi. Miaka mingi kwenye hip-hop na R&B ya Marekani Muasia alikuwepo zaidi kama shabiki, anasikiliza, ananunua, anajaza shoo, ila jukwaani ilikuwa nadra kumuona. 2015 Sean Miyashiro, Mmarekani wa San Jose mwenye asili ya Japani na Korea, akaianzisha 88rising, na nguvu yake kubwa akaiweka kwenye video. Hapo ndo penyewe.

2016 dogo wa Jakarta, Indonesia, Brian Imanuel, miaka 16, anasomea nyumbani, Kiingereza kajifunza YouTube, anaachia video ya wimbo wake wa rap, kavaa fulana ya pinki ya kola na kipochi kiunoni, sauti nzito haifanani kabisa na ile sura. Watu wakacheka, na kile kicheko kingeweza kummaliza, wiki mbili kashasahaulika. 88rising wakafanyaje? Wakawakalisha marapa wa Marekani wenyewe, akina Ghostface Killah na 21 Savage, wakawaonyesha ile video huku wanawarekodi, na jamaa wakamkubali, Ghostface akaingia mpaka kwenye remix, toleo jipya la wimbo huo! Ukishakubaliwa na wenye mji nani tena atakuita kichekesho?

Ila kuna kitu lazima nikiseme. Jina la kwanza la kisanii la Brian lilichezea neno la kuwadharau watu weusi, akaja kulibadilisha Januari 2018 akawa Rich Brian. Lilikaa muda mrefu mno. Lebo inayodai heshima kwa Waasia ilitakiwa ilikatae mapema, maana muziki wenyewe wanaoufanya umetoka kwa hao hao weusi.

Mwaka huo huo Joji, mwimbaji mwingine wa lebo, mzaliwa wa Osaka, Japani, albamu yake ikakaa namba moja kwenye chati ya Billboard ya R&B na hip-hop, mzaliwa wa Asia wa kwanza kufika hapo. Wakati huo pale pale wapo Higher Brothers, kundi la rap la Chengdu, China, wanaochana kwa Kichina chenye lafudhi ya Sichuan, yupo mwimbaji NIKI wa Jakarta na sauti yake ile, na mimi naona siri iko kwenye huku kukusanyana, kwa sababu Mwindonesia peke yake Marekani hajazi ukumbi, Mchina wa kuchana peke yake naye ngoma nzito, ila shabiki aliyekuja kwa Joji anaondoka kamjua NIKI, na wa NIKI kawajua Wachina. 2018 wakaanzisha tamasha lao Los Angeles, Head in the Clouds, na Aprili 2022 wakapewa jukwaa kuu la Coachella, tamasha kubwa la muziki la California, wakapanda na Hikaru Utada, nyota wa muziki wa Japani, wakawarudisha 2NE1, kundi la wasichana la Korea Kusini, pamoja baada ya kundi kuvunjika 2016, watu walilia jamani.

Mimi lakini kilichonigusa zaidi ni Desemba ya mwaka huo huo wa 2022, Head in the Clouds likaenda Jakarta na Manila, kwa watu waliowasikiliza hawa vijana tangu mwanzo.

Bado nawadai. Nguvu yao kubwa imeenda Asia Mashariki na Kusini Mashariki, na India, Pakistan na Bangladesh kuna vijana wanachana hatari, hao nao wapewe ule mwanga, na wapewe sasa hivi wakiwa bado hawajulikani.